Ngiri Iliyonyongwa: Ugonjwa Unaojificha

(Maneno ya Kamati ya Afya na Usalama Kazini mbele ya mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile, na wale waliokaa nyuma wasisikie vizuri.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara wala za malipo ya ziada. Mambo hayo yana siku yake, na Katibu wetu atayasema. Sisi wa Kamati ya Afya tumeomba nafasi tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu twalificha ndani ya suruali na ndani ya leso, nalo ni ngiri. Wengine huiita mshipa. Twajua kwamba neno hili likitajwa mbele ya watu, wengine hucheka. Basi chekeni sasa mmalize, kisha tusikilizane, maana mwenzetu mmoja amekufa kwa jambo hili, na sisi wenyewe hatukukosa lawama.

Aliyekufa alikuwa mama mtu mzima, mfagiaji wa ghala, mwanachama aliyelipa ada yake kila mwezi bila kukumbushwa. Siku ya Jumatatu alianza kutapika. Tumbo lilimsokota, likaacha, likamsokota tena. Tukadhani ni chakula, tukampa nauli arudi nyumbani kupumzika. Katika zahanati aliyokwenda akapewa dawa ya malaria, na siku ya pili akapewa dawa ya amiba. Hakuna aliyemwuliza juu ya kinena chake, na yeye hakusema, kwa kuwa mhudumu alikuwa kijana mwanamume wa umri wa mwanawe. Siku ya nne alipofikishwa hospitali kubwa, daktari alimfunua vizuri, akakuta kivimbe kidogo kama ndimu katika mkunjo wa paja. Walimpasua usiku uleule. Utumbo ulikuwa umekwisha kuoza na kutoboka. Alikufa asubuhi ya siku ya pili.

Tulichanga fedha za mazishi, na mchango ulikuwa mzuri. Lakini twasema wazi mbele yenu: mchango uliohitajika zaidi ulikuwa maarifa, nao haukuwapo. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Ngiri ni kitu gani

Ninyi mnaobeba magunia mtafahamu upesi. Gunia la mahindi likifumuka mshono pembeni, nafaka haimwagiki yote. Hutokeza kidogo mahali palipolegea. Ukilikandamiza gunia kwa juu, hutokeza zaidi. Ukililaza na kulilegeza, zile punje hurudi ndani. Tumbo la mtu ni hivyo hivyo. Ukuta wake ni nyama na kano, lakini pale chini, ambapo tumbo lakutana na paja, pana milango midogo tuliyozaliwa nayo. Mlango ukilegea, kifuko cha ngozi laini ya ndani hutokeza, na utumbo huingia humo. Mtu akikohoa, akijikamua chooni au akiinua mzigo, kivimbe huonekana. Akilala chali, hurudi.

Msichanganye ngiri na busha. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, nayo hayarudi tumboni mtu akilala. Lakini mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo kazi ya kupambanua ni ya daktari, si ya jirani.

Ngiri si ugonjwa wa watu wachache. Hesabu zilizofanywa Uingereza zaonyesha kwamba katika kila wanaume 100, karibu 27 watapata ngiri ya kinena kabla ya kufa, na wanawake karibu 3. Huku kwetu pwani ya Afrika ya Mashariki, uchunguzi wa kisiwa cha Pemba uliotangazwa mwaka 1969 ulikuta ngiri kwa karibu wanaume 3 katika kila watu wazima 10. Basi katika mkutano kama huu wetu, ni wengi wanaojishika kinena wakikohoa. Hakuna haja ya kuoneana haya.

Milango ni miwili

Mlango wa kwanza u juu ya mkunjo wa paja, nao ndio wa ngiri ya kawaida, ile inayoweza kushuka hata ndani ya pumbu. Wanaume wengi wana hii.

Mlango wa pili u chini ya mkunjo, pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mguuni. Mlango huu ni mwembamba, na kingo zake ni ngumu kama ukingo wa bati. Ngiri ya hapa huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa waliokwisha kuzaa na waliozeeka. Huwa ndogo, pengine kama kunde au tende, na mtu mnene huenda asiione kabisa. Lakini hatari yake ni kubwa. Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1991 ulitazama ngiri za aina zote mbili. Ile ya mlango wa juu, baada ya miezi 3 tangu kuonekana, ilikuwa imenyongwa kwa watu karibu 3 katika 100. Ile ya mlango wa chini, kwa muda uleule, ilikuwa imenyongwa kwa watu 22 katika 100, na baada ya miezi 21 kwa watu 45 katika 100. Mama yetu mfagiaji alikuwa na hii ya chini.

Kunyongwa maana yake nini

Chukua kamba, uifunge shingo ya lile fundo la nafaka lililotokeza. Sasa halirudi. Ndivyo ilivyo utumbo unapobanwa na mlango. Mishipa inayorudisha damu hubanwa kwanza, kwa kuwa ni laini, na ile inayoleta damu huendelea kidogo. Kwa hiyo damu huingia wala haitoki. Utumbo hufura, na ukifura hujibana zaidi, mpaka damu mpya nayo hukatika. Utumbo usiopata damu hufa, kama kidole kilichofungwa uzi. Saa 6 za kwanza ni za thamani kubwa. Baada ya hapo, kila saa inayopita huongeza hatari ya kwamba utumbo hautafufuka. Ukioza hutoboka, uchafu wa choo ukamwagika, na sumu ikaingia damuni.

Dalili zinazojulikana ni hizi: kivimbe kilichokuwa kikirudi sasa hakirudi, kimekuwa kigumu na chauma kikiguswa, tumbo lasokota na kufura, mtu anatapika, hapati choo wala hatoi upepo. Mtu mwenye dalili hizi zote, hata mtoto mdogo ataona kwamba ni mgonjwa.

Lakini, ndugu zetu, kama maradhi haya yangekuja siku zote kwa sura hiyo, tusingalikuwa na haja ya kuwakalisha hapa. Shida ni kwamba huja kwa sura nyingine. Twazitaja moja moja.

Sura ya kwanza: tumbo linauma, kinena kimya

Hii ndiyo iliyomwua mwenzetu. Mgonjwa anatapika na tumbo lamsokota, lakini kinena hakimwumi, au chauma kidogo tu hata hakitaji. Hasa kwa mama mzee mwenye ngiri ya mlango wa chini, maumivu huwa katikati ya tumbo, karibu na kitovu. Mgonjwa mwenyewe pengine hajui kwamba ana ngiri. Wapasuaji huwafundisha wanafunzi wao kwamba mtu yeyote ambaye utumbo wake umeziba lazima atazamwe kinena pande zote mbili. Mkumbusheni mhudumu bila kuogopa.

Sura ya pili: choo chapatikana kama kawaida

Wengi husema, "Kama naenda choo, utumbo wangu haukuziba." Si kweli daima. Iko namna ambayo mlango hushika upande mmoja tu wa utumbo, kama mtu anayeshikwa shati bila kushikwa mwili. Njia ya ndani yabaki wazi, choo chapita, na upepo watoka, lakini kile kipande kilichoshikwa chaendelea kufa. Namna hii huitwa kwa jina la Richter, mpasuaji wa Kijerumani wa karne ya 18 aliyeieleza. Ni ya hila sana, maana mgonjwa huonekana mzima mpaka utumbo utoboke.

Tena hapo ndipo lizukapo jambo jingine. Uchafu ukitoka kwenye kile kipande kilichooza, ngozi ya kinena huwa nyekundu, hufura na kuwa moto, na watu husema ni jipu au mtoki. Mtu wa wembe huitwa akalitumbua. Linalotoka si usaha peke yake, ni choo. Tangu siku hiyo mgonjwa ana tundu kinenani linalotoa mavi, na kuliponya ni kazi ya miezi. Kwa hiyo twasema: jipu la kinenani lisitumbuliwe nyumbani, wala sokoni, wala na dresa asiyelipima kwanza.

Sura ya tatu: ngiri kubwa iliyo laini

Wako wenzetu wenye ngiri ya miaka 10 au 20, imeshuka mpaka kwenye pumbu. Siku moja tumbo lawauma vikali, lakini wakiishika ngiri waiona laini kama jana. Hapo huweza kuwa vipande viwili vya utumbo vimeingia kifukoni, na kipande cha katikati kinachoviunganisha kimebaki juu ndani ya tumbo, mfano wa herufi W. Kinachonyongwa ni kile cha katikati, kisichoonekana. Karel Maydl, mpasuaji wa Praha, aliieleza mwaka 1895. Fundisho lake ni hili: mwenye ngiri kubwa ya siku nyingi akiumwa na tumbo ghafula, asijipime kwa kidole akajipa moyo.

Sura ya nne: imerudi, kumbe haikupona

Mwenzetu wa pili yu hai, naye ameturuhusu tuseme habari yake bila jina. Kwa miaka mingi alikuwa akijificha nyuma ya ghala kabla ya zamu, akiisukuma ngiri yake kwa mkono, kisha akijifunga kitambaa. Aliogopa kwamba nyapara akijua, atakosa kuitwa kazini asubuhi. Usiku mmoja ikawa ngumu. Akaisukuma kwa nguvu nusu saa nzima, akitoka jasho, mpaka ikazama. Akafurahi, akaja kazini. Saa sita mchana akaanza kutapika. Sisi tulimwuliza, "Je, ni ile ngiri?" Akajibu, "La, ile imerudi." Tukamwamini, kumbe yeye na sisi tulidanganyika pamoja.

Jambo lililotokea lafahamika na waganga. Mtu akisukuma kwa nguvu, huweza kurudisha ndani kifuko chote pamoja na ile shingo iliyonyonga. Kivimbe kimetoweka machoni, lakini utumbo bado umenyongwa, sasa ukiwa ndani. Ni kama kumwingiza mwizi chumbani na kufunga mlango. Kilichomwokoa mwenzetu ni kwamba alipofika hospitali alisema kweli: "Jana usiku niliisukuma kwa nguvu." Kwa neno hilo moja daktari alijua pa kutafuta. Alikatwa utumbo kiasi cha futi 2, akaunganishwa, akapona.

Tena huweza kutokea kwamba utumbo uliokwisha kufa unarudi ndani wenyewe, na siku moja baadaye tumbo zima lawaka kwa uchafu. Au utumbo ulioponea chupuchupu waacha kovu, na kovu likaubana baada ya wiki kadhaa, mtu akaanza kutapika wakati amekwisha kusahau. Kwa hiyo ngiri iliyouma sana, hata kama imerudi, itazamwe na daktari siku ile ile.

Sura ya tano: maumivu yamekoma ghafula

Mgonjwa alikuwa akilia, sasa amenyamaza. Jamaa wanashukuru, wanamtengenezea uji. Ngojeni. Mara nyingine utumbo ukifa au kutoboka, maumivu hupungua kwa muda. Mtazameni mtu mzima wake: kama mapigo ya moyo ni ya mbio, mikono ni baridi, ulimi ni mkavu, tumbo limekuwa gumu kama ubao, basi huko si kupona. Mzee naye huenda asilalamike kabisa. Ataonekana amechanganyikiwa tu, akitaja watu wasiokuwapo.

Sura ya sita: si utumbo ulioingia

Kifukoni huweza kuingia vitu vingine. Kibofu cha mkojo kikiingia, mtu hukojoa mara mbili: akimaliza, akaminya ngiri, mkojo watoka tena. Mtu wa namna hii amwambie daktari kabla ya kupasuliwa, kibofu kisije kikajeruhiwa kwa kisu. Katika watoto wachanga wa kike, kinachoingia huweza kuwa kifuko cha mayai ya uzazi, kikaonekana kama kijiwe kidogo kinenani. Watoto wachanga kwa jumla, wa kiume na wa kike, ngiri zao hunasa upesi, hasa katika mwaka wa kwanza. Mtoto anayelia bila kunyamaza na kutapika, fungueni nepi mtazame. Kwa mtoto wa kiume, na hata kwa mtu mzima, korodani nayo huweza kufa kwa kukosa damu.

Kidoletumbo nacho huingia. Habari yake ni ya kale. Mwaka 1735 huko London, daktari Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri na tundu lililokuwa likitoa uchafu. Ndani ya ngiri alikuta kidoletumbo kilichotobolewa na pini ambayo mtoto aliimeza. Akakikata. Siku zile hapakuwa na dawa ya usingizi. Yule mtoto alivumilia karibu nusu saa ya kisu akiwa macho. Akapona. Ndiyo operesheni ya kwanza ya kukata kidoletumbo iliyoandikwa ikafanikiwa.

Haya haikumwacha hata malkia

Amyand alikuwa mpasuaji wa Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Mke wa mfalme huyo, Malkia Caroline, alipata ngiri ya kitovu baada ya kuzaa mtoto wake wa mwisho mwaka 1724. Akaificha miaka 13. Hata madaktari wa nyumba ya mfalme hawakuambiwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1737 ikanyongwa, akaumwa siku kadhaa kabla ya kukubali itazamwe. Wakakata wakiwa wamechelewa, utumbo ukapasuka, akafa tarehe 20. Alikuwa na majumba, watumishi na wapasuaji mlangoni pake, na vyote havikumfaa kwa sababu ya haya. Mfagiaji wetu wa ghala hakuwa na majumba. Kosa likawa lile lile.

Mambo ya kufanya

Mtu akipata dalili hizi, asile wala asinywe kitu, maana huenda akapasuliwa saa ile. Alazwe chali, magoti yakiwa yamekunjwa. Asipewe dawa ya kuharisha, wala mafuta ya mbarika, wala chumvi ya haluli. Kusukuma kwa nguvu utumbo ulioziba ni kuutoboa. Asikandwe kwa maji ya moto. Asichuliwe. Ngiri isisukumwe na mke, wala na rafiki, wala na mganga.

Kisha apelekwe hospitali yenye chumba cha kupasulia. Zahanati ndogo haiwezi kazi hii, na kila saa inayokaliwa katika benchi la zahanati inatoka katika zile saa 6. Usiku si sababu ya kungoja kupambazuke.

Akifika, aseme maneno matatu: lini maumivu yalianza, je, ana ngiri au aliwahi kupasuliwa ngiri, na je, imesukumwa. Kisha aseme, "Tafadhali nitazame na kinena." Mama akitaka kutazamwa na mwanamke, aombe, kama hayupo, akubali kutazamwa na aliyepo. Semeni maneno haya pamoja nasi hapa mkutanini, ulimi uyazoee: Nitazame na kinena.

Dawa ni kupasuliwa kabla ya dharura

Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa mizizi, wala kwa mkanda, wala kwa kuchanjwa. Hupona kwa kushonwa ule mlango. Zamani wengi waliopasuliwa walirudiwa na ngiri. Edoardo Bassini wa Padova, Italia, alitengeneza njia bora ya kushona katika miaka ya 1880. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Marekani akaeneza njia ya kuweka kipande cha wavu chini ya ngozi, kama fundi anayetia kiraka badala ya kuvuta kitambaa kilichochanika. Kurudi kwa ngiri kukapungua sana.

Wavu wa kiwandani ni ghali. Kwa hiyo majirani zetu wa Uganda walishiriki katika jambo kubwa. Wanaume 302 wenye ngiri walipasuliwa, nusu wakatiwa wavu wa kiwandani, nusu wakatiwa kipande cha chandarua kilichotakaswa. Matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Twawaomba msikie vizuri: chandarua kile kilikuwa hakina dawa ya mbu, kilitakaswa kwa mashine ya hospitali, na kazi ilifanywa na madaktari. Asitoke mtu hapa akaenda kukata cha kitandani.

Operesheni iliyopangwa, wakati ngiri bado yarudi ndani, mara nyingi hufanywa kwa dawa ya ganzi tu, na wengi hulala kwao usiku ule. Kazi nyepesi wengi huiweza baada ya wiki 1 au 2. Mizigo mizito ingoje kama wiki 4 hadi 6, kwa kadiri daktari atakavyosema. Lakini ikinyongwa, ni usiku wa hatari, tumbo kupasuliwa, utumbo kukatwa, na mapumziko ya miezi, kama mtu ataishi. Pimeni wenyewe ipi ni ghali.

Upande wa kazi na wa Chama

Hatutaki kuwadanganya. Si kila ngiri imeletwa na mzigo. Wengine huzaliwa na mlango uliolegea. Wengine huletewa na kikohozi cha siku nyingi, au kujikamua chooni, au uzee. Mtu hawezi kusema tu "nilibeba gunia" akapata fidia. Lakini aliye na mlango uliolegea, kila mzigo humsukuma. Na mizigo yetu ni mizito kupita kiasi. Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika Pendekezo la mwaka 1967, lilisema kwamba mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la mahindi tunalolijua sisi ni kilo 90. Tofauti ya kilo 35 iko juu ya mgongo wa mtu.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu mambo manne, ili Halmashauri iyapeleke kwa mwajiri.

La kwanza, mwenye ngiri apewe kazi nyepesi mpaka apasuliwe, wala asifutwe kazi wala asirukwe katika orodha ya vibarua. Madamu watu wanaogopa kufukuzwa, wataendelea kujificha nyuma ya ghala.

La pili, kila mzigo uliozidi kilo 55 ubebwe na watu wawili au kwa mkokoteni.

La tatu, iwepo gari ya kupeleka mgonjwa hospitali, na dereva wake ajulikane, mchana na usiku.

La nne, wenzetu wa huduma ya kwanza wafundishwe maneno haya tuliyoyasema leo, tena wawemo wanawake miongoni mwao, ili mama asikose wa kumwambia.

Kwa upande wetu sisi wenyewe, kila mwanachama atazame kama amesajiliwa katika bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kama ile asilimia 2.75 inayokatwa katika mshahara wake inafika kweli. Vibarua nao wajiandikishe. Atakayekuta makato hayakufika aje ofisini na karatasi yake ya mshahara; hiyo ni kazi ya Chama. Na atakayeumia akibeba, amwambie mwajiri siku ile ile, aone kwa macho yake likiandikwa kitabuni.

Ndugu wafanyakazi, tumemaliza. Baada ya mkutano huu, wajumbe wawili wa Kamati, mwanamume na mwanamke, watakaa katika chumba cha nyuma. Mwenye kivimbe aingie peke yake, hapataandikwa jina, naye ataambiwa aende wapi na lini. Wale mliocheka mwanzoni, twawakaribisha kwanza.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi,
Kamati ya Afya na Usalama Kazini